Karma na matendo yanayomrudia mtendaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kama kuna jambo linalokusumbua leo, ruka moja kwa moja hadi swali lake. Mwenye nafasi aanze na swali la nia, kwa sababu majibu mengi yanaliegemea hilo.

Karma ni nini hasa?

Neno limetoka katika Kisanskriti, na maana yake ni kitendo. Basi. Si adhabu wala mkosi. Matokeo ya kitendo yana majina yake mengine: phala, yaani tunda, na vipaka, yaani kuiva. Anayeibiwa simu akasema "hii ni karma yangu" amechanganya mbegu na tunda.

Wazo lenyewe limo katika Upanishadi, maandiko ya kale ya Wahindu. Katika ile inayoitwa Brihadaranyaka, mwalimu Yajnavalkya anafundisha kwamba mtu huwa mwema kwa tendo jema na huwa mbaya kwa tendo baya. Angalia kitenzi: hasemi mtu hulipwa, anasema mtu huwa. Wengi wanaouliza kuhusu karma wanatafuta malipo, kumbe mafundisho ya mwanzo yalikuwa yanazungumzia mtu anavyogeuka.

Baadaye njia ziliachana. Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, wanaieleza karma kama vumbi jembamba mno linalonata kwenye roho kila mtu anapotenda. Wabudha wanaiweka kwenye nia. Wahindu wengi huigawa mara tatu: sanchita ni limbikizo la tangu zamani, prarabdha ni sehemu iliyokwisha kuanza kuzaa, na kriyamana ni ile inayotendwa sasa hivi. Mfano wao wa kufundishia ni wa mpiga upinde. Mishale iliyo kwenye podo ni sanchita, uliokwisha kuruka ni prarabdha, na ulio mkononi ni kriyamana. Uliokwisha kuruka hauitiki ukiitwa; ulio mkononi bado unaweza kuurudisha podoni.

Si ndiyo ile ile "malipo ni hapahapa duniani"?

Wanafanana, si mapacha. Mafundisho ya asili ya karma hayaishii katika maisha haya, na msemo wetu unasisitiza hapahapa. Tena msemo huo mara nyingi hutamkwa tukimtazama mwingine akianguka, mara chache sana tukijitazama. Methali iliyo karibu zaidi ni "apandacho mtu ndicho avunacho", kwa kuwa ina mambo matatu ya lazima: aina ya mbegu, muda, na mkono wa mpanzi. Hata hiyo haisemi yote. Mavuno yanataka pia mvua na udongo, na wapo wadudu ambao mpanzi hakuwaalika.

Kinachohesabiwa ni tendo au nia?

Kwa Wabudha, nia. Buddha alisema waziwazi kwamba nia ndiyo anayoiita karma, kwa sababu mtu hukusudia kwanza, kisha hutenda kwa mwili, kwa maneno au kwa mawazo. Wafafanuzi wa baadaye walilichambua jambo hili karibu kama mawakili. Ili kuua kuhesabike kuwa tendo kamili la kuua, yanatakiwa mambo matano: kiwepo kiumbe hai, mtendaji ajue kwamba ni hai, akusudie kuua, afanye jitihada, na kiumbe kife kwa jitihada hiyo. Ukimkanyaga mdudu gizani bila kumwona, angalau mambo mawili kati ya hayo hayapo. Wajaini hawakubaliani kabisa na wepesi huo. Kwao hata madhara yasiyokusudiwa yanaacha kitu rohoni, ndiyo maana watawa wao hufagia njia wanapopita.

Hapa ndipo watu wengi hujificha: "sikukusudia." Neno hilo lina kazi yake, lakini linatumika kupita kiasi. Dereva anayesoma ujumbe kwenye simu huku akiendesha hakukusudia kugonga mtu, kweli. Alikusudia kuondoa macho barabarani, na hiyo nayo ni nia. Ukitaka kujipima kwa haki, jiulize mambo matatu kuhusu tendo lolote. Nilijua nini kabla? Nilitaka kitokee nini? Na nilipoona kinachotokea, niliendelea au niliacha? Swali la tatu ndilo linaloumbua, kwa sababu uzembe unaoendelea baada ya kuonywa hauitwi uzembe tena.

Kwa upande wa wema hesabu ni ile ile. Watu wawili wanatoa msaada wa kiasi kimoja kwa jirani mmoja. Wa kwanza anataka jirani apate nafuu. Wa pili anataka awe na cha kumsimanga baadaye. Fedha ni sawa, lakini anayesubiri nafasi ya kusimanga anaishi na mtego aliouweka mwenyewe, na jirani anaunusa mapema kuliko anavyodhani.

Tuseme siamini maisha mengine baada ya haya. Tendo linaweza kunirudia kwa njia gani?

Zipo njia ambazo mtu yeyote anaweza kuziona bila kuamini lolote la ghaibu. Ya kwanza na yenye nguvu kuliko zote ni mazoea. Kila tendo hurahisisha tendo linalofanana nalo. Uongo wa kwanza hutoa jasho, wa kumi hutoka wenyewe. Kisha msemaji huanza kuwashuku wengine, maana hupima watu kwa kipimo anachokijua. Hakuna aliyemwadhibu, ila anaishi katika dunia ambayo kila mtu ndani yake anaweza kuwa mwongo.

Ya pili ni jina. Watu husimuliana. Unayemtapeli leo hatakulipiza, lakini atamwambia mwenzake mmoja, naye ndiye utakayemhitaji mwaka ujao kwa kazi, mkopo au dhamana. Kwa kawaida hutaambiwa sababu ya kukataliwa. Mlango utafungwa taratibu, nawe utaita bahati mbaya.

Ya tatu ni mlipano wa moja kwa moja. Mwaka 1971 mtafiti Dennis Regan alionyesha jinsi ulivyo mwepesi kuamsha: mtu aliyeletewa soda na mwenzake bila kuiomba alinunua baadaye tiketi za bahati nasibu kutoka kwa mwenzake huyo karibu mara mbili ya asiyeletewa. Fadhila ndogo huzaa deni, hata kwa mtu usiyempenda sana. Wauzaji wanalijua hilo vizuri, na ndiyo sababu sampuli za bure hazina ubure.

Mlipano una kasoro yake, nayo inastahili kuelezwa kwa kirefu. Karibu na mwaka 1980 Robert Axelrod aliandaa mashindano ya programu za kompyuta, zikikutana mbilimbili, kila moja ikichagua kushirikiana au kusaliti, raundi baada ya raundi. Shindano la kwanza lilipokea programu 14, la pili 62. Mara zote mbili ilishinda ile fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: anza kwa kushirikiana, kisha mfanyie mwenzako alichokufanyia mara iliyopita. Ilikuwa haianzi ugomvi, inajibu papo hapo, na inasahau mara mwenzake anaporudi kwenye wema. Tatizo lilijitokeza pale wachambuzi walipoingiza makosa ya bahati mbaya. Programu mbili za aina hiyo, moja ikiteleza mara moja tu, huanza kulipizana bila kikomo, kila moja ikiamini inajibu. Ndivyo ugomvi mwingi wa ndugu unavyoishi miaka kumi juu ya neno lililosikiwa vibaya. Dawa iliyofanya kazi ilikuwa kusamehe mara mojamoja bila kudai chochote. Mara zote ingekuwa ujinga, kwa sababu anayesamehe kila kitu huliwa.

Njia ya mwisho ni mazingira unayoyajenga. Anayefoka nyumbani hupata nyumba inayoficha mambo. Habari mbaya humfikia akiwa wa mwisho, zikiwa zimeshakuwa ghali.

Inachukua muda gani?

Haina ratiba. Mafundisho ya Kibudha yanataja nyakati tatu za kuiva: ndani ya maisha haya, katika yanayofuata, au mbali zaidi. Dhammapada, mkusanyiko wa semi za Buddha, inatoa mfano wa maziwa mabichi, ambayo hayagandi papo hapo, na tendo baya linalofuka kama moto uliofunikwa na majivu. Katika zile njia za kawaida, mazoea huanza siku ile ile, mlipano huchukua siku au wiki, na jina linaweza kukaa miaka bila kuonyesha dalili, kisha likaanguka mchana mmoja. Kuchelewa huku ndiko kunakotudanganya. Tendo na tunda lake vikiachana mbali, akili haivifungi pamoja.

Mbona wabaya wanastawi?

Kwanza, tunaona nyumba na gari, hatuoni usingizi. Lakini jibu hilo peke yake ni la kujifariji na halitoshi. Wapo wabaya wanaolala vizuri kabisa. Ukweli ni kwamba njia za kijamii za tendo kumrudia mtu zinahitaji masharti: akutane tena na aliowadhulumu, habari zisambae, na awepo wa kumzuia. Mtu akiwa na nguvu ya kuyakwepa yote matatu, anaweza kuvuna faida muda mrefu. Akihama kila baada ya wizi, jina lake halimfuati. Akinunua ukimya, habari hazisambai. Ndiyo maana jamii zina sheria, mahakama na kumbukumbu za maandishi. Kungoja karma ifanye kazi ya hakimu ni kumpa mdhalimu likizo.

Mtu akiugua au akipata ajali, amelipwa kwa alilotenda?

Usiseme hivyo, hata kimoyomoyo. Na si suala la adabu tu. Ni kosa hata kwa kipimo cha mafundisho yenyewe. Alipoulizwa na mtu aliyeitwa Sivaka kama kila maumivu hutokana na matendo ya zamani, Buddha alikataa. Alitaja vyanzo vinane, vingi vikiwa vya kawaida kabisa: hitilafu za mwili kwa lugha ya tiba ya wakati ule, mabadiliko ya hali ya hewa, kutojitunza, kushambuliwa. Karma ilikuwa kimoja tu kati ya vinane. Mahali pengine aliiweka hesabu kamili ya matokeo ya karma katika orodha ya mambo manne yasiyofaa kukisiwa, kwa kuwa anayejaribu kuyakokotoa atapata wazimu au mahangaiko. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamwuliza Yesu nani alitenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Jibu ni kwamba si yeye wala wazazi wake.

Kwa nini basi wazo hilo linatujia haraka? Mwanasaikolojia Melvin Lerner alilichunguza. Katika jaribio la 1966 yeye na Carolyn Simmons waliwaonyesha watu mwanamke aliyeonekana kupigwa shoti za umeme kila alipokosea jibu. Watazamaji waliokuwa hawana uwezo wa kumsaidia walianza kumshusha thamani. Ni rahisi kuamini mwathirika alistahili kuliko kukubali kwamba jambo kama hilo linaweza kukupata na wewe. Kwa hiyo ukijikuta unatafuta kosa la mgonjwa, jua ni hofu yako inayosema.

Ukitaka kanuni fupi: tumia karma kwenda mbele, kwa matendo yako. Usiitumie kurudi nyuma, kwa misiba ya wengine.

Naruhusiwa kumwachia karma aliyenikosea?

Inategemea unamaanisha nini. Kama ni kuacha kulipiza ili upumzike, sawa. Kama ni kukaa ukifuatilia habari zake ukingoja aanguke, umempa mpangaji chumba cha bure kichwani. Na katika mpangilio wa Kibudha wa matendo kumi mabaya, kutaka mwingine adhurike ni mojawapo ya matatu ya moyoni, kwa hiyo hesabu inaandikwa upande wako. Jambo la kisheria liripoti. Deni lidai kwa maandishi, ukitaja kiasi na tarehe. Hayo si kisasi.

Nimemkosea mtu. Nirekebisheje?

Anza kwa kuacha. Inaonekana wazi mno kiasi cha kutotajwa, lakini wanaoomba radhi huku tendo linaendelea ni wengi.

Kisha taja tendo kwa jina lake: "Nilimwambia meneja kwamba wewe ndiye uliyechelewesha, na haikuwa kweli." Usiweke "lakini" baada yake. Usiseme "kama nimekukwaza", maana "kama" hiyo inamrudishia yeye mzigo wa kuthibitisha. Taja pia madhara unayoyajua. Sentensi nne au tano zinatosha. Ombi refu la radhi huishia kuwa hadithi ya mkosaji.

Rudisha kilichopotea. Kama ni fedha, sema jumla, sema tarehe. Ukilipa kidogokidogo, panga kiasi kidogo utakachoweza kila mara kuliko kikubwa utakachokiruka mwezi wa pili, kwa sababu ahadi iliyovunjwa ni kosa jipya juu ya lile la zamani. Ongeza gharama alizoingia kwa ajili yako, kama vile riba au nauli za kufuatilia. Zawadi haichukui nafasi ya deni. Kama ulichafua jina lake, lisafishe kwa watu wale wale uliowaambia, kwa njia ile ile uliyotumia. Ulimsema kwenye kundi la watu 40, kisha ukamnong'oneza "samahani" pembeni? Umeomba radhi nusu.

Usidai usamehewe. Sema ulilo nalo, mwachie muda. Akikataa, kazi yako bado imefanyika.

Mambo yanapoharibika, mara nyingi ni kwa sababu radhi imeombwa siku ile ile hasira zikiwa juu, au mbele ya watu ili aliyekosewa aone haya kukataa. Jihadhari pia na ungamo linalompunguzia mzigo mwungamaji tu. Kama kufichua kutamletea mtu wa tatu hatari, au jambo ni jinai, tafuta kwanza ushauri wa mwanasheria au wa kiongozi wa dini anayejua kutunza siri.

Na kama alishafariki, au simpati?

Kama ni fedha au mali, ni ya warithi wake. Wakikosekana kabisa, wengi huelekeza thamani hiyo kwenye sadaka kwa niaba yake. Kama lilikuwa neno, lifute kwa waliolisikia ambao bado wapo.

Wema hufuta ubaya?

Haufuti, unazimua. Buddha alitumia mfano wa chumvi: bonge la chumvi kwenye kikombe cha maji hufanya yasinyweke, bonge lile lile kwenye mto Ganges halionekani. Chumvi haijapungua hata chembe, kilichoongezeka ni maji. Ndivyo kosa dogo linavyomzamisha mtu aliyekwisha kujaza maisha yake visa, na kosa kama hilo linavyosameheka kwa mwenye historia pana ya uaminifu. Angulimala, muuaji wa watu wengi aliyegeuka mtawa, aliendelea kupigwa mawe na watu alipopita kuomba chakula, na akaambiwa avumilie.

Kuna mtego hapa. Watafiti wa saikolojia wameona kwamba mtu akishafanya jema hujipa ruhusa ya kulegea kwenye linalofuata, kana kwamba ameweka akiba ya kutumia. Atatoa sadaka asubuhi, jioni amdhulumu mfanyakazi wake ujira, na dhamiri isimwambie kitu. Dalili ya kujikamata nayo ni maneno "angalau mimi".

Natenda wema kila siku, sioni ukirudi. Nakosea wapi?

Pengine hukosei. Bhagavad Gita, andiko takatifu la Wahindu, sura ya 2, aya ya 47, inasema haki yako iko kwenye tendo, kamwe si kwenye matunda yake. Waswahili wamelifupisha: tenda wema nenda zako. Ugumu uko kwenye "nenda zako".

Lakini angalia pia kama unachokiita wema hakikuwa mkopo usiotangazwa. Kipimo ni rahisi: je, ungekasirika asiposhukuru? Kama ndiyo, basi kulikuwa na bei, na mwenzako hakuambiwa. Afadhali useme mapema, "nitakusaidia kuhama Jumamosi, nami nitahitaji msaada wako mwezi ujao." Na kama mtu huyo huyo amepokea mara tatu bila kurudisha hata neno, punguza. Wema usio na mipaka humharibu mpokeaji pia. Asante ya punda ni mateke, lakini punda hakumwomba mtu asimame nyuma yake.

Naweza kulijaribu hili mwenyewe?

Ndiyo, kwa siku 14 na daftari. Chagua tabia moja tu. Ulimi ni mwanzo mzuri, kwa sababu katika yale matendo kumi mabaya ya Kibudha, manne ni ya maneno (uongo, fitina, ukali, upuuzi), zaidi ya yale matatu ya mwili. Kila usiku andika mistari minne: nilichosema, nilichotaka kitokee, kilichotokea, na sababu nyingine ambayo ingeweza kukileta. Watu huruka mstari wa nne, na bila huo daftari litathibitisha chochote unachokiamini tayari. Andika hata siku ambazo hakikutokea kitu. Usiandike mikosi ya wengine.

Siku 14 hazithibitishi sheria ya ulimwengu. Zitakuonyesha, kwa mfano, kwamba maneno yako makali hutoka saa fulani, ukiwa na njaa au umechelewa, na kwamba jibu unalolipata huja na kivuli chake hadi kesho yake.

Watoto hulipa madhambi ya wazazi?

Katika Ubudha kila mtu ni mrithi wa matendo yake mwenyewe. Madeni, hofu na mifano mibaya hurithiwa kweli, lakini mtoto aliyerithi deni hakulikopa.

Kuzungumzia karma kunapingana na dini yangu?

Kuzaliwa tena duniani baada ya kufa hakumo katika mafundisho ya kawaida ya Uislamu wala Ukristo, na hesabu huko iko kwa Mungu, haijiendeshi yenyewe. Kwamba tendo lina matokeo, wote wanakubali: Wagalatia 6:7 inazungumzia kupanda na kuvuna, na sura ya Zilzala inataja wema na uovu wa uzito wa chembe. Tofauti kubwa ni msamaha. Mungu anaweza kusamehe. Karma haina wa kuombwa.

Karma na majaliwa ni kitu kimoja?

Hapana, tena vilikuwa mahasimu. Wakati wa Buddha kulikuwa na mwalimu aliyeitwa Makkhali Gosala, aliyefundisha kwamba juhudi ya mtu haibadilishi chochote: kila mmoja atafikia mwisho wake kama donge la uzi lililorushwa, linalojikunjua mpaka uzi uishe. Buddha aliyapinga mafundisho hayo kwa ukali kuliko mengi aliyoyasikia, kwa sababu anayeyakubali hana tena sababu ya kuuangalia mkono wake kabla ya kutenda.